Kurasa mbili za ziada

Jana jioni nimerudi kutoka Kariakoo kwa bodaboda, boksi moja mbele ya dereva, jingine mapajani mwangu. Ndani ni nakala 200 za kibonzo changu.

Mwaka mzima nimekuwa nakitoa kwenye simu tu, kipande kila Ijumaa. Watu wanasoma, wanacheka, wanakitupia kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, jina langu pale chini likiwa limeshakatwa. (Hilo la kukata jina sijalizoea na sitaki kulizoea.) Gharama yake ni bando na usingizi.

Nilidhani kuchapa ni kuhamisha faili tu. Fundi akafungua, akahesabu, akageuka: "Dada, mbona kurasa 22? Kitabu cha pini katikati kinakwenda kwa nne nne." Karatasi moja ukiikunja inazaa kurasa nne, hakuna ujanja. Nikakaa kwenye benchi lake karibu na mashine ya kukatia, nikachora mbili za kujazia: yule mama muuza uji wa mwanzo kabisa, ambaye hadithi ilishamsahau, anahesabu chenji. Neno hata moja hamna.

Rangi nayo ikanitoa jasho. Kwenye kioo cha simu, usiku wa Kigamboni ni bluu inayowaka, maana pale ni mwanga. Mashine haina mwanga, ina wino wa rangi nne, na usiku wangu ukatoka kama maji yaliyofulia jinzi.

Kilichoniuma zaidi ni mlango. Kwenye simu msomaji anasogeza kidole, kwa hiyo kabla ya mlango kufunguka naacha weupe mrefu, ateseke kidogo. Kwenye karatasi weupe huo haupo. Cha kufichia ni mgongo wa ukurasa, ule msomaji anaouona akishafunua. Mimi sikuwaza kushoto wala kulia, mlango ukaangukia ukurasa wa kulia, na jicho linamwona aliyesimama nyuma yake kabla hujamaliza kusoma kushoto. Nimeligundua nakala zote zimeshakatwa. Mtandaoni ningerekebisha kabla ya saa sita usiku na nani angejua?

Hesabu hazifurahishi. Kila nakala imenila 4,500, nauza 6,000, na ndugu wote wanataka ya bure. Ila nimekulia nyumba ambayo nakala moja ya Sani, lile jarida la vibonzo, ilizunguka kwa baba, kijiweni, kwa majirani, ikarudi haina jalada, na sisi watoto bado tukagombania kibonzo cha Madenge humo ndani. Nadhani ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa hela yote hii.

Leo asubuhi nimemuuzia kinyozi wa hapa mtaani, ambaye kwenye simu ameshasoma yote bure. Akapitisha haraka haraka mpaka kwa mama uji, akasimama.

"Dada, huyu kapunjwa?"

Akarudi ukurasa wa nyuma, akaanza kuzihesabu sarafu kwa ncha ya kitana.