Kuku walivyomaliza pilipili mbuzi zangu, na nilivyozipata tena

Mtu akikwambia kuku hali pilipili, usimsikilize. Mimi nilisikiliza, msimu mzima ukaenda bure.

Hapa Tororo, Uganda, nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Mbegu nilizitoa kwenye pilipili mbuzi za sokoni zilizoiva kabisa, za shilingi mia tano hivi, nikazianika kivulini na kuzisia kwenye beseni bovu. Huchelewa kuota kuliko nyanya, usizikatie tamaa. Zangu zilichukua karibu wiki tatu. Mvua za Machi zilipokolea nikahamisha miche 22.

Jirani, mzee ninayemheshimu sana, alinikuta nachimbia miti ya ua. "Mama, unajichosha bure. Pilipili inajilinda yenyewe. Kuku akidonoa mara moja harudi." Nikaona ana hoja. Miti ikaenda kuwa kuni.

Mwezi wa saba matunda yakaanza kuwa mekundu. Asubuhi moja natoka na bakuli nichume za mchuzi, nakuta jogoo na matetea manne katikati ya matuta. Hawaonji, wanararua! Jogoo anang'oa tunda, analipiga chini, mbegu zinatawanyika, matetea wanazigombania. Nilisimama nikingoja hata mmoja awashwe. Wapi! Kufikia Jumapili zilibaki pilipili sita, zote za kijani.

Binti yangu anayesoma baiolojia ndiye aliyenieleza. Ule ukali unatuwasha sisi, mbuzi, panya, wote wanaonyonyesha, ndege hawausikii. Tena ndio wanaozisambaza, maana mbegu hupita tumboni zikatoka nzima. Kumbe ndiyo sababu pilipili kichaa hujiotea chini ya mfenesi wetu, pale ndege wanapolala!

Mvua za Septemba sikuuliza mtu. Nilichukua vyandarua viwili vilivyochakaa, nikashona matundu, nikavitandaza juu ya fito na kuzifukia kingo. Kuku wakabaki nje. Maua yalipotokea ndipo hofu ikanishika: nyuki nao wako nje. Lakini ua la pilipili lina dume na jike humo humo, linataka kutikiswa tu. Basi kila siku saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, nilipita nikigonga kila shina kwa kidole mara tatu, nne. Yalishika vizuri ajabu. Samadi niliweka kiasi, maana ikizidi unavuna majani. Na usipande palipotoka nyanya, magonjwa yao ni mamoja.

Hadi Februari nilikuwa nachuma. Wauza rolex wa barabarani, zile chapati za kukunjwa na mayai, walinunua nyingi, nikapata kama elfu thelathini na kitu, na nyumbani hatukununua hata moja. Mikono ikikuwasha baada ya kuzikata, paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Maji matupu hayasaidii.

Mzee alikuja mwenyewe kuomba miche. Nilimpa sita, pamoja na kipande cha chandarua kilichobaki.