Bomba, ndoo, na ile 330 iliyonidanganya wiki tatu

Imetoka! 348. Siyo 330, siyo 324, siyo ile aibu ya 164 niliyoiandika kwa kalamu nyekundu mwezi uliopita. Mwendo wa sauti hewani, mita 348 kwa sekunde, chumbani kwangu Mbagala, saa tano usiku, kwa bomba la maji taka ambalo halijawahi kuona maji taka na ndoo ya lita 20 ninayoogea kila asubuhi.

Mnaorisiti Fizikia ya Kidato cha Nne kama mimi kifaa mnakijua: bomba limesimama ndani ya maji, chanzo cha sauti kiko juu ya mdomo, unalipandisha bomba pole pole mpaka hewa ya ndani ivume. Sirudii. Ninachotaka kuandika ni kile kilichoninyima usingizi, maana nikiacha wiki ipite nitajidai nilijua tangu mwanzo.

Maabara sina, mimi ni fundi simu mwenye kibanda na meza moja. Ule uma wa chuma wa kugonga kwenye goti nao sina, ila simu yoyote unaweza kuiwekea programu ya kutoa toni ya masafa (mitetemo kwa sekunde) unayotaka. Bomba ni kipande cha inchi moja na nusu, urefu sentimeta 42, alichokiacha fundi aliyeunganisha sinki la mwenye nyumba. Kipenyo cha ndani nilikipima kwa kalipa ya plastiki: sentimeta 4.0. Namba hiyo niliiandika pembeni ya daftari nikaisahau. Laiti ningejua.

Masafa nilichagua 256, 320, 384 na 512, kwa sababu hayo ndiyo utakayoyakuta yamegongwa kwenye zile uma za shuleni. Sikutaka kuzoea namba za ajabu halafu nishangae kwenye mtihani wa vitendo.

Sasa aibu ya kwanza. Nilianza na 256, simu nimeishika juu ya bomba. Sentimeta 16 hivi za hewa, bomba likavuma vizuri kabisa. Nikapiga hesabu: mara nne (hewa inayovuma ni robo ya wimbi), mara 256, mara 0.16. Jibu 164. Sauti inayotembea nusu ya mwendo wake! Nikarudia mara tano, 164 ile ile. Nilikaa na hiyo siku nne kabla sijajicheka. Kwa siku wanakuja wateja watatu kuniambia "fundi, spika haina bezi", na mimi nawajibu kwamba spika ya ukubwa wa ukucha haiwezi kusukuma hewa kwa masafa ya chini. Unaiomba 256, inakoroma, na kwenye huo mkoromo kuna 512 nyingi kuliko 256 yenyewe. Bomba langu lilikuwa linaitikia 512. Lilikuwa sahihi, mjinga nilikuwa mimi.

Nikafungua sabufa moja iliyokufa tangu mwaka juzi, nikatoa spika ya inchi nne, nikaiunganisha na kibao kidogo cha amplifaya na betri. Kuna aliyenishauri nitumie spika ya bluetooth. Nilijaribu ya jirani. Ganda lake lote linatetemeka, na ukiliweka mezani na meza inaimba, huwezi kujua kinachovuma ni bomba au ni samani. Spika uchi, iliyoshikwa kwa mkono, haina mfano. Ila usiibandike mdomoni mwa bomba! Nikiisogeza mpaka ikakaribia kuziba, kipimo kinahama. Mimi naiweka kama sentimeta kumi pembeni, imeinama kidogo.

Futi nayo. Nilianza na futi ya fundi cherehani. Nikaja kuilinganisha na rula ya chuma, nikakuta imevutika: kila sentimeta 50 inakula nusu sentimeta. Asilimia moja imepotea kabla hujaanza kusikiliza chochote. Nunueni rula ya chuma, watu wangu, au angalau pimeni futi zenu kabla hamjaziamini.

Baada ya hapo 256 ikatulia kwenye sentimeta 32.8 za hewa. Furaha. Nikapima na nyingine: 320 ikavuma kwenye 26.0, 384 kwenye 21.5, 512 kwenye 15.8. Zote nilizipima mara tatu usiku, bodaboda zikiwa zimepungua. Mwendo ukawa, kwa mpangilio huo, 336, 333, 330 na 324.

Na hapa ndipo nilipotea.

Kitabuni kuna 331. Mimi hapa nina 330 kwa masafa ya 384. Nikapiga makofi peke yangu chumbani. 384 nikaifanya mfalme, hizo tatu nikazifanya wahalifu, nikaanza kuzitafutia makosa. 256 nikasingizia spika. 512 nikasingizia masikio yangu, kwamba mvumo wake ni mfupi na naupita bila kuusikia. 320 nikasema imekosewa kidogo tu, isamehewe.

Wiki tatu. Nilibadilisha maji. Nilibadilisha programu. Nilishuku simu inadanganya masafa, nikachukua simu ya pili ya kampuni tofauti, moja nikaiwekea 512 na nyingine 513, nikasikiliza yale mapigo: sauti inapanda na kushuka mara moja kila sekunde, safi. Zote mbili nikaziweka 512, mapigo yakatoweka. Basi simu hazina kesi. (Hili la mapigo lifanyeni hata kama hamna bomba. Swali la masafa mawili yaliyokaribiana nilikuwa nalikariri tangu nikiwa shule, na ilinichukua dakika moja ya kulisikia kwa masikio ndipo nikalielewa.)

Nikarudi kwenye 512. Nikapima mara ishirini. 15.8, 15.7, 15.8, 15.9, 15.8. Haibanduki. Nilitamani ivume kwenye 16.2 ili nipate 331 yangu. Nakiri kuna usiku mmoja niliisikia ikivuma kwenye 16.2. Haikuvuma, nilikuwa nimechoka.

Jirani wa ukuta wa pili alinigongea saa nne usiku kuuliza kama yule paka wangu wa umeme anaweza kulala sasa. Nikamwomba radhi. Kesho yake nikampelekea chaja.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa kike, yuko Kidato cha Tatu, alikuja wikiendi kuchukua simu yake. Namwonyesha daftari kwa kujigamba, ile 330 nimeizungushia duara. Hakuangalia duara. Akasema, "Kaka, mbona zinashuka kwa foleni?"

"Zinashuka nini?"

"336, 333, 330, 324. Masafa yakipanda, jibu linashuka. Ungekuwa unakosea kwa bahati mbaya, zingechanganyika."

Nilinyamaza. Wiki tatu nimeziangalia moja moja kama washtakiwa, sikuwahi kuzipanga zikasimama pamoja. Akachukua kalamu, akaniuliza kama nimechora grafu. Sikuwa nimechora. Grafu naziona kama adhabu, na hapo nadhani siko peke yangu.

Tukachora. Urefu wa hewa kwenye mhimili wa wima, moja gawanya kwa masafa kwenye mhimili wa chini. Nukta nne zikakaa kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ile 512 niliyoitukana imo, 256 imo, hakuna mhalifu. Tofauti ya urefu kati ya 256 na 512 ni sentimeta 17.0, tofauti ya chini ni 0.001953 ya sekunde, mteremko ni mita 87.04 kwa sekunde, mara nne ni 348.

Halafu mstari wenyewe hauanzii kwenye sifuri. Unapita chini yake, unakata mhimili wa wima kwenye sentimeta 1.2 hasi. Mdogo wangu akaniuliza hiyo 1.2 ni ya nini, na mimi macho yakahamia kwenye ukingo wa daftari: kipenyo 4.0. Lile sahihisho la mdomo wa bomba, 0.3 mara kipenyo. 0.3 mara 4.0. 1.2!

Nililijua. Ndilo linaloniuma. Lipo kwenye notsi zangu za zamani, mstari mmoja, limepigiwa mstari chini. Hewa inayotikisika haikomi kwenye ukingo wa bomba, inachungulia nje kidogo, kwa hiyo bomba ni refu kuliko rula inavyosema. Mimi nilikuwa nikiona ni kipengele cha kuongezea maksi, kitu cha milimita, hakiwezi kunidhuru. Sasa pigeni hesabu: kwenye 32.8 kukosa 1.2 ni jambo dogo, kwenye 15.8 ni pengo kubwa. Ndiyo maana 512 ilionekana mbovu kuliko zote.

Na 330? Bahati tu. Ile 331 ya kitabuni ni ya hewa yenye nyuzi 0. Mbagala na nyuzi 0 wapi na wapi? Nilivuka kwa mama anayefuga kuku, nikamwamkia, nikamwomba kile kipimajoto anachotundika kwenye banda la vifaranga. Akanipa, huku akitaka kujua nimeanza kufuga lini. Chumbani kwangu: 29. Kila nyuzi moja inaongeza kama 0.6, kwa hiyo 331 jumlisha 17.4, tunapata 348.4. Grafu imenipa 348.2. Kosa la mdomo wa bomba lilikuwa linanishusha, na kwenye 384 likanishusha karibu kiasi kile kile ambacho joto la Dar lilitakiwa kunipandisha. Makosa mawili yamekumbatiana yakanipa jibu la kitabuni, na mimi nikalipigia makofi.

Usiku ule ule likanijia jingine. Njia ya kuvuma mara mbili, ile ya kutoa urefu wa kwanza kwenye wa pili ili sahihisho lijifute lenyewe, nilikuwa nimeitupa kwa sababu bomba langu ni fupi. Kwa 512 mvumo wa pili uko karibu na sentimeta 50, na bomba lina 42. Lakini nani alisema lazima iwe 512? Simu haijagongwa namba. Nikaiweka 850. Mvumo wa kwanza 9.0, wa pili 29.5, tofauti 20.5, ndiyo nusu ya wimbi. Mara mbili, mara 850, mara 0.205: 348.5. Bila grafu na bila kujua kipenyo cha bomba. Nilimpigia mdogo wangu saa sita usiku kumwambia. Hakupokea, ana akili.

Kwa hiyo kwenye mtihani, nikiulizwa kwa nini mstari haupiti kwenye sifuri, sitaandika "makosa ya mpimaji" kama nilivyoandika mara ya kwanza nikala F yangu. Nitaandika habari za mdomo wa bomba, na nikiombwa kipenyo nitagawanya 1.2 kwa 0.3.

Ratiba ilisema wiki hii ni mwanga: kipande cha kioo kinene, pini nne, karatasi, kupima jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye kioo. Pini nimenunua. Kioo nimeahidiwa na fundi wa madirisha. Sijagusa hata kimoja, kwa sababu nikipanga droo ya kibanda nilikuta CD ya zamani na kalamu ya leza nyekundu, ile ya kuchezea paka.

Mistari myembamba ya CD, ile inayotawanya mwanga, imeachana mikromita 1.6 (mikromita ni milimita moja gawanya kwa elfu). Nikatoboa katoni tundu, nikapitisha leza pale, ikapiga CD iliyosimama mita moja mbele na kurudi kwenye katoni. Nukta moja ikarudi tundu lilipo, nyingine zikatua pembeni, kila moja sentimeta 44 kutoka katikati. (Macho yote yawe nyuma ya leza, na watoto wasiwepo chumbani. Kinachorudi kwenye CD ni leza vile vile.) Pembe ikawa nyuzi 23.7, nikazidisha sine ya pembe hiyo kwa 1.6, nikapata mikromita 0.644, yaani nanomita 644. Kwenye kalamu pameandikwa 650.

Nimepima urefu wa wimbi la mwanga kwa CD ya taarabu! Nilikaa kitandani nikiitazama ile nukta kwenye katoni. Wimbi la 512 langu lina sentimeta 68, hili lingeingia zaidi ya mara milioni moja ndani yake, na yote mawili yamepimwa kwa rula moja ya chuma.

Najua jambo hili ni la Kidato cha Tano na Sita, na mimi nahitaji D ya Kidato cha Nne ili chuo kinipokee. Najua pini zinaningoja. Kesho naanza na DVD, mistari yake imebanana zaidi, mikromita 0.74. Nukta inatakiwa kuruka mpaka nyuzi 61 hivi, kwa hiyo nahitaji katoni kubwa kuliko hili, labda la friji.

Mama wa kuku ametuma mtoto mara mbili kufuata kipimajoto. Vifaranga wapya wameshushwa jana.