Walikuwa na Chakula Tele

Masomo: Yeremia 44:15–23, Matendo ya Mitume 5:33–42

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Juma hili nawaomba tukae na watu ambao hatuhubiri habari zao mara nyingi: Wayahudi waliokimbilia Misri baada ya Yerusalemu kuanguka, karibu mwaka 586 kabla ya Kristo. Mji umechomwa moto, hekalu limebomolewa, Gedalia aliyewekwa na Wababeli kuwa msimamizi wa nchi ameuawa. Waliosalia wameingiwa na hofu na kuondoka, wakamchukua na Yeremia ingawa aliwakataza wasiende. Huko ugenini nabii anawasihi waache kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni, mungu mke wa wapagani. Nao wanamjibu, waume kwa wake, bila kumung'unya maneno.

Wanasema: hatutakusikiliza. Zamani tulipomfukizia, sisi na baba zetu na wafalme wetu, tulikuwa na chakula tele, tulikuwa na hali njema, hatukuona baya lolote. Tangu tulipoacha, tumepungukiwa na kila kitu, na upanga na njaa vimetumaliza.

Msiwadharau watu hawa. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme muone walikotoa hoja yao. Manase alitawala miaka 55, mingi kuliko mfalme mwingine yeyote wa Yuda. Alijenga madhabahu za jeshi la mbinguni ndani ya nyua za hekalu lenyewe, akampitisha mwanawe motoni, akajaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba alipelekwa Babeli kwa minyororo, huko akanyenyekea. Hata hivyo alirudishwa kitini, akafa mfalme, akazikwa nyumbani kwake. Kisha tazameni Yosia, mjukuu wake. Alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8. Kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni alirarua mavazi yake, akabomoa mahali pa juu, akaadhimisha Pasaka ambayo Maandiko yanasema haikuwahi kuadhimishwa mfano wake tangu siku za waamuzi. Huyo ndiye aliyeuawa Megido na Farao Neko akiwa na miaka 39. Miaka kama 23 baadaye mji wote ulikuwa majivu.

Kwa hiyo mtu akichukua daftari na kuandika matukio kwa mfuatano, upande mmoja ibada ya sanamu na upande mwingine matengenezo ya Yosia, wale wakimbizi wana hoja. Mwabudu sanamu alizeeka kitini, na mtengenezaji alipigwa mshale angali kijana.

Yeremia hakukanusha hesabu yao. Hakuwaambia kwamba hawakushiba. Alichokataa ni hukumu waliyoitoa kutokana na kushiba kwao. Aliwaambia kwamba Bwana aliuona uvumba ule wote, akaukumbuka, akavumilia mpaka hakuweza kuvumilia tena. Miaka ile ya neema waliyoisoma kama kibali ilikuwa miaka ya Mungu kuwangoja watubu.

Nimekaa na sura hii kwa sababu hoja ya wale wakimbizi naisikia kila mahali siku hizi, na mara nyingi inatoka vinywani mwa wacha Mungu. Huduma fulani imejenga ukumbi mkubwa, ina televisheni, ina matawi mpaka Ulaya, mtumishi anatembea na msafara wa magari, basi mtu akiuliza swali kuhusu mafundisho yake anajibiwa, "Kama Mungu hayupo pale, mbona watu wanajaa?" Wahenga walisema penye wengi pana Mungu, nasi tumeuchukua usemi huo wa baraza la kijiji tukaufanya fundisho la kanisa. Wengine wananukuu Biblia. Wanamnukuu Gamalieli.

Tumsikilize basi Gamalieli. Mitume wako mbele ya baraza, na wakuu wanataka kuwaua. Anasimama Farisayo huyu mwenye heshima, anawakumbusha Theuda aliyepata wafuasi wapata 400, akauawa nao wakatawanyika. Na Yuda Mgalilaya wa siku za kuandikwa orodha, naye akapotea. Kisha anasema kazi hii ikiwa imetoka kwa binadamu itavunjwa, "lakini ikiwa imetoka kwa Mungu hamwezi kuivunja."

Ni ushauri wa busara kwa watu wenye mawe mikononi, na Mungu aliutumia kuokoa maisha ya mitume. Lakini Luka anatuandikia kile Gamalieli alichosema. Hatuambii kwamba tukifanye kipimo cha kweli. Wala hatuambii kwamba Gamalieli mwenyewe aliamini. Baraza lilikubali shauri lake, kisha likawachapa mitume papo hapo kabla ya kuwaachilia. Na Sauli wa Tarso, aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli, hakungoja kuona kama kazi itavunjika au itasimama. Aliingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta waumini gerezani. Alipogeuka, hakugeuzwa na wingi wa Wakristo. Alikutana na Bwana njiani.

Tena, kipimo hiki tukikikubali, tukubali na matokeo yake yote. Katika karne ya 3 alitokea Mani, mzaliwa wa Babeli, aliyejiita mtume wa Yesu Kristo na kufundisha kwamba ulimwengu huu ni vita vya nuru na giza, viwili vilivyokuwapo tangu milele. Alifia gerezani Uajemi. Mafundisho yake hayakufa naye. Yalifika Karthago upande wa magharibi na China upande wa mashariki, na katika karne ya 8 mfalme wa Wauighuri, watu wa Asia ya Kati, aliyafanya dini ya dola yake. Augustino, kabla hajawa askofu, aliyafuata kwa miaka kama 9. Dini ile ilidumu zaidi ya miaka 1000. Mtu aliyeishi kwa kanuni ya Gamalieli katika miaka yake ya nguvu angelazimika kusema imetoka kwa Mungu. Leo haipo.

Na geuzeni upande wa pili. Katika Afrika Kaskazini, mwaka 411, maaskofu wa pande mbili zilizokuwa zikigombana walikutana Karthago, na kila upande ulikuwa na maaskofu zaidi ya 200. Hilo lilikuwa kanisa! Leo mgeni anaonyeshwa magofu yake. Je, Kipriano, askofu wa Karthago aliyekatwa kichwa mwaka 258 kwa kukataa kutoa sadaka kwa miungu ya Kirumi, alikuwa anahubiri uongo kwa sababu kanisa lake lilikuja kutoweka? Hakuna Mkristo atakayethubutu kusema hivyo. Basi tusiseme na kinyume chake.

Hapa nyumbani tunaye mmisionari Johannes Rebmann. Wengi wanamjua kama Mzungu aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wenye elimu zao kule Ulaya wakamkatalia. Mimi namkumbuka kwa kazi yake Rabai, karibu na Mombasa. Alifika mwaka 1846 kumsaidia mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga Mombasa, miezi michache tu baada ya kutua. Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya, Rebmann akabaki. Alibaki miaka 29. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akaacha nyuma kundi dogo mno la waumini, na mwaka uliofuata akafa. Ingekuwa ni taarifa ya mwaka ya usharika wetu, tungeulizana kama kituo kile kifungwe.

Najua kuna ndugu atakayenijibu haraka: "Lakini tazama leo! Kanisa limeenea Pwani yote, bara yote, mamilioni. Kumbe mbegu ya Rabai ilikuwa ya kweli." Nampenda ndugu huyo, lakini hiyo ni hoja ileile ya wale wa Misri, imecheleweshwa miaka 150 tu. Kama Injili aliyoihubiri Rebmann ilikuwa kweli, ilikuwa kweli jioni ile anapandishwa chomboni haoni, hata kama baada yake pasingeota kitu.

Rabai iko katika kaunti ya Kilifi. Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, iko kaunti hiyohiyo. Mhubiri aliyekuja kushtakiwa kwa yale mauti ya msituni alikuwa na kanisa Malindi, mahubiri yake yalirushwa kwa televisheni, watu waliacha kazi na nyumba katika sehemu mbalimbali za Kenya wakamfuata. Tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa kule, ikiwamo ya watoto wengi. Naandika hili kwa uchungu na bila hamu ya kumcheka yeyote aliyepoteza ndugu pale. Nataka tu tukumbuke kwamba kabla ya msitu kulikuwa na miaka ambayo mtu angeweza kusema, "Mbona watu wanakuja?"

Sasa tupime kwa nini? Torati ina maneno mawili ambayo hayana budi kusomwa pamoja, na mara nyingi tunasoma moja tu. Kumbukumbu la Torati 18 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitimie, Bwana hakulinena. Hapo tunashangilia: kumbe neno likitimia, ni la Bwana! Polepole. Rudi nyuma hadi sura ya 13. Pale panasemwa kwamba anaweza kuinuka nabii akatoa ishara au ajabu, na ishara ile ikatokea kweli, kisha akasema, "Tuifuate miungu mingine." Mungu anasema usimsikilize. Ishara imetokea, naye bado ni nabii wa uongo, na Bwana anawajaribu mjulikane kama mnampenda kwa moyo wote. Kushindwa kwa neno kunaweza kumfichua nabii. Kufanikiwa kwake hakumthibitishi. Kinachoulizwa sura ya 13 ni kimoja: anawapeleka kwa nani?

Wengine watasema Yesu mwenyewe alitoa kipimo cha matunda: "Mtawatambua kwa matunda yao." Amina. Ila soma aya zinazofuata, pale pale Mathayo 7. Wanakuja watu siku ile wakitaja unabii, pepo waliowatoa na miujiza mingi, yote kwa jina lake. Hakanushi hata kimoja. Anawaambia hakuwajua kamwe. Basi matunda aliyoyataja muda mfupi kabla hayawezi kuwa unabii, wala kutoa pepo, wala miujiza. Sembuse ukumbi na magari. Paulo anayataja matunda kwa majina katika Wagalatia 5: upendo, furaha, amani, uvumilivu, na mengine yote mnayoyajua. Mtazame mhubiri anavyomtendea dereva wake. Uliza mjane aliyetoa sadaka ya kupanda mbegu kama kuna aliyekwenda kumwona alipougua. Sikiliza Jumapili tano mfululizo uhesabu msalaba umetajwa mara ngapi, na dhambi mara ngapi, na fedha mara ngapi. Hayo yanachosha kuyapima kuliko kuhesabu viti, najua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi uchache ni utakatifu. Siku ya Pentekoste waliongezeka watu wapata 3000, na ilikuwa kazi ya Roho. Yapo makanisa makubwa yanayomhubiri Kristo kwa uaminifu, na viko vikundi vya watu 10 vilivyojaa kiburi na uzushi. Katika Ufunuo, kanisa la Laodikia linasema, "Mimi ni tajiri," na Bwana analiambia ni maskini na kipofu na uchi; Smirna ni maskini wa dhiki, naye anawaambia, "lakini u tajiri." Kote kuwili hesabu ilisema kitu kimoja, na Yeye atembeaye kati ya vinara vya taa akasema kingine.

Na pale Golgota, wapendwa, kipimo cha mafanikio kilitumika juu ya Bwana wetu mwenyewe. Makuhani wakuu walisema aliokoa wengine, hawezi kujiokoa. Ashuke sasa msalabani nasi tutamwamini. Walikuwa tayari kuamini wakionyeshwa ushindi. Hakushuka. Hata alipofufuka hakwenda kwa Pilato, wala hakusimama mbele ya baraza kuwaaibisha. Petro anasema nyumbani kwa Kornelio kwamba alidhihirishwa si kwa watu wote, bali kwa mashahidi waliokuwa wamechaguliwa na Mungu tangu mwanzo, waliokula na kunywa pamoja naye.

Kwako mwinjilisti wa mtaa wenye benchi nne, ambaye juzi umeulizwa kwenye kikao kwa nini huna ongezeko: jibu maswali ya kikao kwa heshima, tembelea waliopoa, tengeneza palipoharibika kwa uzembe kama upo. Lakini usibadili ujumbe ili benchi zijae. Na kwenu wazee mnaopokea taarifa hizo, nawaomba kwa upendo mumwulize pia amefundisha nini mwaka huu, na amezika akina nani, na amekaa na wagonjwa wangapi.

Bwana, utupe macho ya kuwaona manabii wako kabla miji haijachomwa. Uwakumbuke waliopotelewa na wapendwa wao Shakahola. Uwaimarishe wanaohubiri neno lako mbele ya wachache. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma 1 Wafalme 22: Mikaya mwana wa Imla mbele ya manabii wapata 400 waliokubaliana kwa kauli moja. Isomeni mapema, yote.