Baraza la Mama na Unga wa Misonobari

Mama alipokuja kututembelea huku Georgia, Marekani, kutoka Tanga, alilipenda baraza la nyuma kuliko chumba chochote. Lina wavu pande tatu, mbu hawapiti, naye akikaa hapo tangu asubuhi anasuka ukili. Mwishoni mwa Machi ukili ukaanza kumgeukia rangi mikononi.

"Mwanangu, vumbi gani hili, kama bizari?"

"Chavua, Mama. Ya hii misonobari."

Nikachukua fagio. Unga wote ukapaa, na usiku ule Mama alikohoa hadi alfajiri. Baadaye nilielewa kwamba unga wa msonobari tunaouona kwa macho si msumbufu sana kifuani. Anayeumiza watu zaidi ni mwaloni, unaochanua majira hayo hayo na chavua yake hatuioni. Kwa hiyo baraza likiwa la manjano, ujue na ule wa mwaloni umo.

Wavu hausaidii. Tundu lake linazidi milimita moja, na chembe ya msonobari haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Zipo nyavu za matundu madogo zaidi, lakini hizo huzuia na upepo mwaka mzima, nami sikutaka baraza lisilopumua.

Mwaka uliofuata, 2025, niliwahi. Wiki ya kwanza ya Machi, vishada vya misonobari bado vimefumba, nilinunua nailoni nene ya kuona nje, nikaikata kwa kipimo cha kila fremu na kuibana kwa nje kwa papi na skrubu. Usitumie misumari, maana utaibandua tena. Tatizo likawa joto: kufika saa sita mchana mle ndani hapakaliki. Basi upande uliokingwa na nyumba nikabana juu tu, tukawa tunaikunja nailoni mvua ikishanyesha, kwa sababu mvua huishusha chavua chini na hewa hutulia. Pangaboi nililizima, nikalifuta mapanga kwa kitambaa kibichi. Sakafu ni deki kila jioni, maji yakibadilika rangi namwaga. Fagio nilikataza kabisa.

Tarehe 29 Machi mwaka huo hapa Atlanta zilihesabiwa chembe 14,801 katika mita moja ya ujazo wa hewa, hesabu ambayo haikuwahi kufikiwa. Gari letu lilikuwa halitambuliki. Nilipitisha kiganja kwenye meza ya Mama barazani: alama hafifu tu.

Mwisho wa Aprili, maua ya mwaloni yalipokwisha kudondoka, nilifungua nailoni. Ioshe kwanza kwa mpira wa maji, kutoka juu kwenda chini, ndipo ulegeze skrubu. Kipande cha kwanza sikukiosha, kikamwaga unga wote mlangoni, nikarudia deki upya.

Mkeka wake Mama aliumalizia hapo hapo barazani, na hakukohoa.