Anayeizoea Dawa Si Mwili, Ni Kijidudu

Hapa Mombasa, mtu akinywa dawa asipone, aghalabu husema kwamba mwili wake umeshaizoea, kisha hutafuta iliyo kali zaidi. Kauli hii nimeisikia hata kwa wazee ninaowaheshimu sana, na ningependa kuijibu taratibu, kwa sababu inaificha hatari yenyewe. Mwili hauizoei antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Aliyebadilika ni bakteria aliyemo mwilini, na bakteria huyo anaweza kuhamia kwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuonja kidonge hicho, naye akaugua ugonjwa usiosikia dawa tangu siku ya kwanza.

Mwanasayansi Alexander Fleming, aliyeigundua antibiotiki ya penisilini mwaka 1928, aliliona jambo hili mapema. Katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini na kunywa kiasi kisichotosha kuwaua vijidudu. Kisha anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ileile, na anafariki. Mke yule hakuwa amekosea lolote.

Baadhi ya bakteria wa tumboni, wakipata chakula na joto la kutosha, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kunakiliwa kwa chembe zao za urithi makosa madogo hutokea, na mara mojamoja kosa humpa bakteria uwezo wa kuistahimili dawa. Dawa inapoingia huwaua wasio na uwezo huo, na kuwaachia uwanja walio nao. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Wapo waliobadilisha umbo la sehemu ambayo dawa huishika. Na wapo wenye pampu katika utando wao, ambazo huitoa dawa nje kila inapoingia. Linalonitia hofu zaidi ni plasmidi, yaani kipande cha DNA chenye umbo la duara ambacho bakteria humpa mwenzake wanapogusana, hata kama si wa jamii moja. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, hivyo bakteria asiye na madhara yoyote anaweza kumkabidhi usugu yule anayeleta maradhi.

Sasa tazama hali ilivyo katika maduka mengi ya dawa mitaani. Mteja humwita muuzaji "daktari" hata kama si daktari, humwonyesha karatasi tupu ya vidonge vilivyomsaidia jamaa yake, na kusema, "Daktari, nikatie za hamsini." Muuzaji huchukua mkasi, hukata vidonge vinne, na mambo huishia hapo. Kisheria, antibiotiki nchini Kenya zinapaswa kuuzwa kwa maagizo ya daktari, lakini simlaumu kibarua anayechagua kati ya dozi nzima na chakula cha watoto. Ninachomwomba ni kwamba akiwa na mafua, ambayo huletwa na virusi, asinunue antibiotiki kabisa, maana haiviui virusi. Na akiandikiwa dozi, aifuate kama ilivyo, bila kupunguza wala kuongeza siku, kwa kuwa siku ya ziada nayo huwachuja bakteria na kuwabakisha walio sugu.

Kosa jingine liko kwenye vipimo. Wengi wetu tumewahi kuambiwa tuna "malaria na taifodi" baada ya kipimo cha Widal, ambacho hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na vijidudu, na kingamwili zaweza kutokana na maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara ili kuona ni bakteria gani aliyemo, kazi inayochukua siku kadhaa. Kwa Widal peke yake watu wasio na taifodi hutibiwa taifodi, na kila tiba ya namna hiyo ni chujio jingine kwa bakteria waliomo matumboni mwao.

Sisi watu wa Pwani tuna somo letu la klorokwini, dawa ya malaria ambayo wengi huikumbuka kwa jinsi ilivyowawasha mwili mzima. Usugu dhidi yake ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza. Malawi ilikuwa imeshaiacha mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba huko klorokwini ilikuwa ikiponya tena karibu watoto wote waliopewa. Vimelea sugu wa malaria walikuwa dhaifu kuliko wenzao pale ambapo dawa haikuwepo, nao wakazidiwa. Habari hiyo inatia moyo, ingawa bakteria ni wagumu zaidi: ikiwa plasmidi moja inabeba usugu wa dawa tatu, kuacha dawa moja huku tukiendelea kutumia nyingine mbili huuhifadhi usugu wote.

Ndiyo maana naona maji ya mfereji ni sehemu ya vita hivi, sawa na dawa mpya. Familia inayonunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20 haiwezi kunawa kila inapostahili, na kila ugonjwa wa kuhara unaozuiwa huiondolea nyumba kishawishi cha kukimbilia vidonge. Chanjo nazo ni vivyo hivyo: ile ya nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ilipunguza sana maradhi makali ya bakteria huyo, kama watafiti wa Kilifi walivyoonyesha. Wafugaji wa kuku wanaotia antibiotiki katika maji ya vifaranga wasio wagonjwa nao waache.

Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Kwa hiyo ninaiomba serikali ya kaunti ihakikishe kwamba vipimo vya kuotesha damu na mkojo vinapatikana kwa bei ambayo mkazi wa Likoni au Kisauni anaimudu, na matokeo yakusanywe na kutangazwa kila mwaka, ili daktari anayemtibu mama mjamzito mwenye maambukizi ya njia ya mkojo ajue ni dawa zipi ambazo bado zinafanya kazi hapa Mombasa.