Nilivyoshusha paa la Chevrolet 3100 ya 1950 kwa inchi 3

Kukata paa la pikapu ni kazi ya asubuhi moja. Kulirudisha likakaa sawa, milango ikafunga na vioo vikapanda bila kukwama, hapo ndipo penye kazi, na karibu yote huamuliwa kabla grainda haijawashwa. Naeleza nilivyofanya kwenye Chevrolet 3100 ya mwaka 1950, pamoja na vipimo, ili fundi wa bodi anayejua kuchomelea bati jembamba lakini hajawahi kugusa paa aweze kufuata.

Mtindo huu ulikulia kusini mwa California, kwa watu waliokuwa wakipima mwendo wa magari yao kwenye maziwa yaliyokauka. Chama chao, SCTA (Southern California Timing Association), kiliundwa mwaka 1937, na kuanzia 1949 kikawa na wiki ya mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Paa likishushwa, gari hukabili upepo kwa eneo dogo zaidi, basi kasi huongezeka. Kwenye pikapu za leo sababu kubwa ni umbo: kebini ya Chevrolet ya miaka ile ni ndefu kwenda juu na paa lake limevimba, na ukiishusha inchi 3 gari zima huonekana limeinama mbele likitaka kuondoka.

Mwaka wa gari una uzito kwenye uamuzi. Kebini hizi zilianza 1947, na mpaka 1953 kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa vyenye nguzo nyembamba katikati. Kioo bapa chenye tabaka mbili zilizobandikwa pamoja hukatwa na fundi yeyote mzuri wa vioo. Mwaka 1954 kilikuja kioo kimoja kilichopinda, na kukikata kilichopinda bila kukipasua ni shughuli nyingine kabisa. Milango nayo ilibadilika: vioo vidogo vya kugeuza kwa mbele viliingia 1951, kwa hiyo mlango wa 1950 una kioo kimoja tu na kazi ya kuupunguza hupungua sana. Zipo pia kebini zenye madirisha mawili ya ziada kwenye pembe za nyuma. Zinapendeza, lakini kila pembe inadai kioo kilichopinda. Kwa paa la kwanza, tafuta kebini yenye dirisha moja tu nyuma.

Nilichagua inchi 3, yaani milimita 76. Kioo cha mbele cha gari hili ni kifupi tangu kiwandani, na ukivuka hapo dereva mrefu ataanza kuinama ili aone taa za kuongozea magari. Wako wanaokata inchi 5. Wanapata picha nzuri na gari lisiloendesheka kwa raha.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayowashinda wengi. Kebini si sanduku. Nguzo za kioo cha mbele zimelala kuelekea nyuma, ukuta wa nyuma umeinama mbele, na pande mbili zimeingia ndani kidogo kadiri unavyopanda. Ukiondoa ukanda wa milimita 76 na kulishusha paa wima, hakuna mkato utakaokutana na mwenzake. Tuseme nguzo ya mbele imelala digrii 20 kutoka wima: mkato wa juu utakuwa nyuma ya mkato wa chini kwa milimita 28. Ukuta wa nyuma ukiwa umeinama digrii 8, mkato wa juu utakuwa mbele kwa milimita 11. Jumla paa ni fupi kwa milimita 39. Pande zikiwa zimeinama digrii 5, kila upande unapungua karibu milimita 7. Pima digrii za kebini yako kwa kipimo cha pembe, usichukue zangu za mfano. Zidisha tanjenti ya pembe kwa kiasi unachoshusha, uandike majibu ubaoni mahali utakapoyaona kila siku.

Kuna njia mbili za kuziba upungufu huo. Ya kwanza ni kukata paa lenyewe, kwa upana au kwa vipande vinne, ulitanue na kuweka ukanda wa bati katikati. Hiyo ndiyo njia ya paa lililoshushwa sana. Ubaya wake ni mchomeleo mrefu katikati ya bati pana lisilo na mpindo mkubwa, na hapo ndipo joto linapoharibu bati kuliko mahali pengine popote. Ya pili, niliyoifuata, ni kuliacha paa zima na kuzisogeza nguzo zilifuate: nguzo za mbele zilale nyuma zaidi, ukuta wa nyuma uinamishwe mbele kidogo, pande ziingie ndani. Kwa inchi 3 hii inatosha, na inapendeza zaidi, kwa sababu kioo cha mbele kilicholala kinakwenda na paa fupi.

Kabla ya kukata, toa vioo vyote, raba, kiti, dari ya ndani na nyaya. Halafu toa tangi la mafuta. Kuanzia 1949 tangi la pikapu hizi limesimama ndani ya kebini, nyuma ya kiti, palepale cheche zitakapomwagika. Kulifunika kwa blanketi hakutoshi, na tangi tupu lina mvuke wa petroli ulio hatari kuliko tangi lililojaa. Lipeleke nje ya gereji. Betri itolewe pia, kizima moto kiwe karibu, na bati lisisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikikutana na joto la kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua.

Kutu ishughulikiwe mwanzo. Kama pembe za chini za kebini na sakafu zimeliwa, zitengenezwe kabla ya paa, na milango irekebishwe kwenye bawaba mpaka mianya yake iwe sawa pande zote. Mlango unaoning'inia kabla ya kukata utaning'inia baada ya kukata, na hutajua tena kosa ni la nani.

Baada ya hapo niliikaza kebini kwa skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa milimita 2. Kila tundu la mlango lilipata bomba moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, chini kidogo ya usawa wa madirisha, na jingine la mshazari kutoka hapo hadi sakafuni. Ndani niliweka msalaba kutoka kushoto kwenda kulia. Mabomba yote yawe chini ya mstari wa kukata, vinginevyo utalazimika kuyaondoa wakati unapoyahitaji zaidi. Pima mishazari ya kila tundu na uiandike kwa kalamu ya rangi kwenye bomba lenyewe. Gari liwe limekaa juu ya fremu yake au stendi zilizosawazishwa kwa pima maji, na timazi ishushwe kutoka katikati ya paa hadi alama ya sakafuni.

Mistari ya kukata niliichora juu ya utepe wa karatasi. Kwenye nguzo ya mbele, mkato wa juu uwe chini kidogo ya pale mpindo wa kona unapokwisha, na wa pili milimita 76 chini yake. Kwa njia hiyo nguzo ndefu iliyonyooka inabaki chini na inaweza kulazwa kutoka kitakoni, huku juu kukibaki kisiki kifupi kinachorekebishwa kirahisi. Nguzo ya nyuma ya mlango niliikata mahali ilipo na upana uleule juu na chini. Ukuta wa nyuma nilipitisha mkato chini ya dirisha, si katikati yake: dirisha linashuka zima pamoja na paa, kioo na raba vinabaki vya kiwandani, na dereva anaendelea kuona nyuma. Kuanzia dirishani kwenda pembeni, mkato upande ngazi. Mikato yote ikiwa usawa mmoja kuzunguka kebini, michomeleo yote itakuwa kwenye mstari mmoja dhaifu. Kwa sababu hiyohiyo, bati la ndani la nguzo lilikatwa milimita 25 juu au chini ya bati la nje.

Nguzo nilizikata kwa diski ya milimita 1, na pembe zilizopinda kwa msumeno wa upepo wenye meno 24 kwa inchi. Acha mstari uonekane upande unaobaki, usage baadaye. Watu wawili wanatosha kuliinua paa, lakini wanne ni salama zaidi, kwani bila nguzo zake linayumba.

Ili kuilaza nguzo ya mbele, nilikata kabari nyembamba upande wa nyuma wa kitako chake, inapokutana na dashibodi, nikaacha bati la mbele likiwa zima kama bawaba. Upana wa kabari hutokana na ile hesabu: nguzo yenye urefu wa milimita 300 inayotakiwa kurudi milimita 28 huinama digrii 5 na kidogo. Vuta nguzo zote mbili kwa pamoja, ukipima kutoka kila kichwa cha nguzo hadi alama moja ya katikati sakafuni. Tofauti ya milimita 3 kati ya kushoto na kulia hutaiona kwa macho, ila fundi wa vioo ataiona. Nyuma, chini ya dirisha, bati likasukumwa mbele, na pembe za mviringo zikapasuliwa wima kila milimita 40 hadi 50 ili zikunjike kufuata paa. Hapo ndipo pa kutulia. Shikiza kwa vibano, simama hatua kumi mbali, tazama kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Mstari wa paa ukionekana umeinuka nyuma, ni wakati huu tu unapoweza kuurudisha bila gharama.

Ndani ya kila nguzo niliweka kiraka cha bati la milimita 1.5 kinachopita pande zote mbili za kiungo, nikakichomelea kupitia matundu ya milimita 8. Nguzo hizi ndizo zinazomkinga dereva gari likipinduka, kwa hiyo mchomeleo wa juu juu uliofunikwa kwa puti haukubaliki.

Kuchomelea kwenyewe: mashine ya MIG, waya wa milimita 0.6, gesi ya argoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi asilimia 25. Bati liungane ncha kwa ncha. Anayepandisha bati juu ya jingine anatengeneza mfuko wa maji, na baada ya muda mstari wa kiungo hujitokeza kwenye rangi. Piga nukta za mchomeleo kila milimita 25, ukiruka kutoka upande mmoja wa kebini hadi mwingine, kisha gawanya nafasi katikati, tena na tena. Kama huwezi kuweka mkono mtupu juu ya kiungo, usiongeze nukta. Maji ya kupoza hayafai, yanalikaza bati ghafla na kulikunja. Mchomeleo ukipoa hujivuta, na bati la pembeni huzama. Dawa yake ni kusaga uvimbe wa nukta, kushika chuma cha kukingia upande wa ndani na kugonga mchomeleo wenyewe kwa nyundo bapa ili utanuke tena. Ukigonga bati la pembeni badala ya mchomeleo, unazidisha tatizo. Hata kusaga kuna joto: diski ya karatasi namba 80, mkono mwepesi, na usikae mahali pamoja. Bati likiwa limenyooka, puti isizidi milimita 3 popote.

Milango ni nusu ya kazi yote. Nusu ya chini iliachwa imefungwa mahali pake, na fremu ya juu ikakatwa na kuletwa kwenye tundu lililokwisha kuchomelewa. Mlango ulifuate paa, kamwe paa lisiufuate mlango. Mgongo wa fremu ya juu ulibaki na urefu wake, kwa kuwa paa halikutanuliwa, basi niliulaza tu mguu wa mbele ukaendana na nguzo. Mwanya wa milimita 5 kuzunguka unatosha rangi na raba. Mifereji inayoongoza kioo, wa mbele na wa nyuma, lazima ibaki sambamba sehemu yote kioo kinapopita. Ikibanana juu, kioo kitakwama. Ikiachana, kitapiga kelele na kupinduka kwenye raba.

Usiende kwa fundi wa vioo na vipimo vya karatasi. Nilikata violezo vya mbao nyembamba yenye unene wa kioo, nikavitia raba, nikavipandisha na kuvishusha kwa mpini wa kupandishia kioo mlangoni, na kwa kioo cha mbele nikavifunga kabisa na nguzo ya katikati. Kiolezo kiwe kidogo kuliko tundu, ili raba ikae bila kubana. Kioo kinachobanwa kona moja hupasuka siku ya kwanza ya baridi au shimo la kwanza barabarani. Kote kitumike kioo cha tabaka mbili. Kile kilichokazwa kwa joto hakikatwi, ukikigusa kwa kisu cha kioo kinamwagika chote. Marekani kioo cha mbele hutakiwa kuwa na alama ya AS1, ya kioo kinachoruhusiwa kukaa mbele, na alama hiyo huweza kwenda na kipande kilichokatwa, hivyo agiza kioo kipya kilichokwisha kuwekewa alama.

Vijiti vya kufutia mvua vifupishwe, kioo cha kutazamia nyuma kihamishwe, na kiti kishushwe angalau nusu ya ulichokata paani. Ndani ya nguzo nilipuliza nta ya kuzuia kutu kwa bomba refu, baada ya michomeleo yote kuisha, maana nta huwaka. Kisha praima, vioo, na maji ya bomba juu ya paa kwa robo saa huku mtu akiwa ndani na tochi, kabla dari haijarudishwa. Pa kutazama kwanza ni pembe za chini za kioo cha mbele, pale kabari ilipofungwa.