Mkongojo na mpira

Jana jioni nilikaa kwenye uwanja wa sinagogi la Hurva, Yerusalemu, lililobomolewa 1948 na kufunguliwa upya 2010. Bibi mmoja kaegemeza mkongojo wake kwenye benchi, watoto wanacheza mpira. Unabii wa Zekaria 8 kwenye Biblia huo jamani! Wazee na mikongojo yao, watoto wakicheza njiani. Machozi yalinitoka.

Miaka yote nilidhani unabii ni vita na tarehe za mwisho wa dunia. Mwenyeji wangu, Myahudi, akanisimulia kisa cha Talmudi, maandiko ya kale ya mafundisho ya Kiyahudi: Rabi Akiva alicheka alipoona mbweha akitoka penye magofu ya Hekalu. Wenzake wanalia, yeye anacheka! Maana kama unabii wa maangamizi umetimia, basi na huu wa Zekaria utatimia.

Mpira ukamfikia bibi. Akausukuma kwa mkongojo.